Mpaka Nipone

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisimamisha. Mimi niliishia darasa la saba na kusema mbele ya watu sijazoea, basi nikinyamaza katikati mnivumilie.

Wengi mnanijua kwa kazi. Naandika maandishi makubwa ukutani, maduka na shule, Bukoba mpaka Muleba. Stensili zangu, zile herufi za matundu, nazikata kwa wembe kwenye picha za zamani za eksirei ambazo wenyewe hawazihitaji tena. Ni ngumu, hazilowi rangi, na picha moja inatosha herufi moja. Kazi ile inataka watu wawili. Mmoja anabana stensili ukutani kwa viganja, mwingine anagonga rangi kwa sponji. Aliyebana alikuwa mke wangu. Alipenda kuinua picha juani kabla sijaikata, aone mbavu. "Huyu, jamani waitu, alikuwa hali chakula," anasema, tunacheka.

Kisha akaanza kukohoa yeye. Tulirudi kutoka hospitali na picha yake ndani ya bahasha. Akaiinua juani kama zile nyingine, akaitazama, akanipa. "Hii usiikate mpaka nipone."

Hakupona. Tulimzika kibanjani kwetu Izimbya, katikati ya migomba. Bahasha nikaiweka juu ya kabati.

Nawaambia ukweli, nilirudi kazini mapema nikidhani kazi itanisaidia. Nilipata duka huko Muleba. Nikabandika stensili kwa selotepu, lakini ukuta ulikuwa na vumbi la chokaa, haikushika. Nikabana kwa mkono mmoja, nikagonga kwa mwingine. Rangi ikapita chini ya stensili, ikachuruzika kutoka kila herufi. Mama mmoja muuza ndizi akasema, "Fundi, ukuta wako unalia." Hakujua. Watu wakacheka, nami nikajaribu kucheka. Nikafunga vifaa vyangu.

Baada ya hapo nilikaa ndani. Kahawa iliivia mtini ikadondoka, sikuichuma. Dada yangu akaja kumchukua binti yetu, akaenda naye Buhembe. Akaniambia, "Siku utakayoshika kazi nitamrudisha. Siwezi kumwacha mtoto alale njaa huku wewe unatazama dari." Hakukosea. Nilimtaka mwanangu, ndugu zangu, na bado kila asubuhi sikuweza kuinuka.

Ndipo kamati ya ukumbi huu ikaniita niandike KARIBUNI pale nje. Nikafungua mzigo, nikakuta stensili ya B imepasuka. Sitaficha, nilifurahi. Nilikuwa nimepata sababu ya kukataa.

Siku hiyo mama mkwe wangu alikuwa ameniletea ndizi. Yupo pale nyuma, hatapenda nimtaje. Nikamwambia, "Mama, kazi siendi. Sina B."

"Na ile iliyo juu ya kabati?"

"Alisema nisiikate mpaka apone."

Akaishusha mwenyewe. Akasimama mlangoni, akaiinua kwenye mwanga, akatazama kifua cha mwanawe kwa muda mrefu. Niliogopa kumwangalia usoni. Kisha akaniuliza, "Kwani bado anaumwa?"

Nililia, na tangu mazishi nilikuwa sijalia. Aliniacha nilie. Nilipotulia akasema, "Haya, mwanangu, kata. Mimi nitabana."

Hajui kusoma. Alibana herufi zote, rangi ikimwingia kwenye kucha, kama ilivyokuwa ikimwingia mwanawe. Tulipofika kwenye ile picha akauliza, "Na hii inaitwaje?"

"B, mama."

"B," akasema kwa sauti ndogo, wala hakuuliza nyingine.

Binti yangu amerudi nyumbani. Namshukuru dada yangu aliyemlisha na kumpeleka shule. Nawashukuru kamati, mlioukubali ukuta wangu. Nawe mama, asante. Sijapona kabisa, siwadanganyi. Ila ukienda kwa mfiwa, usimwambie ajikaze. Mwulize kazi yake inapungukiwa mkono gani, ukamshikie.

Mkitoka mtaona ile B imevimba kidogo upande mmoja. Pale mama alilegeza kiganja. Sijairekebisha. Na vile vipande vilivyodondoka nilipokata bado vina mbavu zake. Nimevirudisha kwenye bahasha, juu ya kabati.