Mkono Begani mwa Marehemu

FUNDI PICHA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mimi si mwenzako! Mimi ni dada yake marehemu, niliyechukua picha kwako jana.

FUNDI PICHA: Aa, dada. Poleni sana na m—

DADA: Pole zako kaa nazo. Nilikwambia umtoe mke wa kaka yangu kwenye ile picha. Nilisema, sikusema?

FUNDI PICHA: Ulisema. Nimemtoa.

DADA: Na hivi vidole vinne begani ni vya nani? Vya jini?

FUNDI PICHA: Sikusi— mtandao unakwaruza—

DADA: Vidole! Na pete juu! Nimeitundika sebuleni kwa mama, kila anayeingia anauliza mkono wa nani.

FUNDI PICHA: Wa mkewe.

DADA: Najua! Ndiyo maana nataka uufute. Mkono begani maana yake "huyu wangu, nyie wengine kaeni pembeni." Anaturingia sisi tuliomlea—

FUNDI PICHA: Dada, miaka ishirini napanga mikono ya watu. Mkono wa maringo hutua juu juu, kama nzi. Tazama hilo koti. Vidole vimezama.

DADA: Vimezama ndiyo nini?

FUNDI PICHA: Alikuwa anamshikilia.

DADA: Amshikilie kwa nini?

FUNDI PICHA: Asianguke. Ugonjwa ulishammaliza nguvu; tulimkalisha mara mbili, mara mbili akaporomoka.

DADA: Muongo! Kila nikimpigia, kaka aliniambia anaendelea vizuri.

FUNDI PICHA: Ukimpigia.

DADA: Unamaanisha nini?

FUNDI PICHA: Sina maana yoyote.

DADA: Usinipige vijembe! Nina kazi, nina watoto, safari yenyewe si ya... (mkwaruzo) ...na huyo mwanamke mbona hakusema?

FUNDI PICHA: Marehemu alimkataza, mbele yangu. "Dada asijue, presha itampanda."

(upande wa dada, kiti kinaburutwa)

FUNDI PICHA: Ninayo nyingine, niliyopiga kabla mkewe hajamshika. Yuko peke yake, hakuna mkono wa mtu. Nikuletee hiyo?

DADA: Kakaaje?

FUNDI PICHA: Kichwa kimelala kifuani. Mdomo—

DADA: Basi! Nimesema basi. Nani kaiona?

FUNDI PICHA: Mimi tu.

DADA: Ifute. Mama asije akaiona.

FUNDI PICHA: Na mkono?

DADA: (anapenga kamasi) Salio linaniishia.

FUNDI PICHA: Nakuuliza, dada. Niufute?

DADA: Uache! Uache hapo hapo. Lakini mwambie huyo mwanamke asidhani mimi na yeye sasa tume—

FUNDI PICHA: Haloo? Dada? ...Haloo?