Kumuaga Mama Aliyeulizwa Mwenyeji Ni Nani

Mheshimiwa Waziri, mgeni wetu rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, mume wa tunayemuaga, ambaye sote tunamwita shemeji, apende asipende, wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mabibi na mabwana, habari za mchana.

Nimeombwa nimsifu mkuu wa maabara yetu ya vinasaba, aliyekuwa mwalimu wangu, na mwenyewe kanionya nisimvike kilemba cha ukoka. Wanafunzi humwita Bi Subiri. Mnajua kwa nini? Ukiingia mbio na majibu mkononi, ukidhani umegundua jambo, yeye huvua miwani, huifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, na kusema, "Subiri. Umepima nini hasa?" Mimi nimeulizwa hivyo mpaka ndotoni.

Shemeji anafundisha sayansi ya jamii, kwa hiyo kwao chakula ni mdahalo. Siku moja walinikaribisha, mazungumzo yakafika kwa watoto wa mtaa wa chini ya reli, kwamba ni wafupi. Mimi, kwa kimbelembele, nikasema ni urithi. Shemeji akadakia, "Kwanza umeuliza wanakula nini?" Nikamgeukia mwalimu wangu aniokoe. Akaniongezea mchuzi. "Urithi upo, mwanangu. Lakini na sufuria tupu ipo, na mashine yetu haioni sufuria."

Sasa nije kwenye lile linalofanya wengine mjikunyate kwenye viti. Mwaka huu umeletwa muswada unaotaka wakazi wote wapimwe vinasaba, ili ijulikane nani mwenyeji na nani aondoke. Mwalimu wangu akaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti akamwuliza, "Profesa, kipimo chako kinaweza kututajia wenyeji?"

Akavua miwani. "Mheshimiwa, mwenyeji ni yule anayemfungulia mtu mlango akamwambia karibu. Hilo sina kipimo chake. Ninachoona mimi ni kwamba wazee wetu sote walitoka mahali wakaja mahali, wako na wangu."

Watu walicheka; mwenyekiti hakucheka. Akatakiwa athibitishe kwa sahihi yake kwamba kipimo kinafaa, akakataa. Haukupita muda akaambiwa apumzike mapema, kwa ajili ya afya. Afya gani, Mheshimiwa Waziri? Mama huyu hupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne huku sisi vijana tukingojea lifti.

Inaniuma. Na nasema kwa heshima, maana umekuja mwenyewe, umemshika mkono, na nimeona ulivyoshindwa kumtazama usoni. Najua watu wanakupigia kelele kila siku: kazi hakuna, nyumba hakuna, wanataka wa kumlaumu. Nawahurumia, nakuhurumia na wewe. Lakini kumpima jirani damu hakutaongeza hata chumba kimoja.

Jumatatu mimi ndiye nakalia kiti chake. Nimesikia kwamba ile karatasi ya kamati imeshaletwa, na kwamba huyu mkuu mpya, yaani mimi, ni mwelewa. Basi nalisema hapa, mbele yenu nyote, nisije nikalimeza nikiwa peke yangu ofisini: sitatia sahihi. Mama, naogopa, lakini sitatia.

Nawashukuru mlionisikiliza, pamoja na mlionisikiliza mmekunja uso. Na wewe Mkuu wa Chuo, kama unatafuta mtu mwingine, sema sasa hivi, keki bado haijakatwa.