Miaka Ishirini na Saba ya Kukanusha Chupa

Muuguzi wetu wa ushauri, ambaye familia nyingi zinamfahamu kwa jina la Bibi Mayai tu, anastaafu Ijumaa tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka ishirini na saba katika kliniki hii ya uzazi. Mkuu wa wauguzi alithibitisha habari hiyo Jumatatu kwenye kikao cha wafanyakazi, akaongeza kwamba mstaafu ameombwa mara mbili aongeze mkataba wa mwaka mmoja, na mara zote mbili amekataa. Sababu aliyoitoa ni fupi: amechoka kubishana na watu wazima. Watoto, alisema, hawajawahi kumchosha.

Jina lenyewe alipewa na mtoto wa miaka minne, aliyesikia neno "yai" mara nyingi mno ndani ya dakika kumi akaamua kwamba huyu bibi anauza mayai. Jina likatoka nje ya geti. Mwaka uliofuata mwenye kibanda cha chai cha barabarani alikuja mapokezi kuagiza trei tatu, na alipoambiwa hapa hakuna biashara hiyo alikasirika: "Sasa Bibi Mayai mnamwitia nini?" Mstaafu hakucheka siku ile. Hajacheka mpaka leo.

Aliajiriwa kama muuguzi wa chumba cha upasuaji, kazi yake kuwaandaa akina mama siku ya kutolewa mayai ili yakatungishwe maabara. Miaka sita baadaye, waliofanikiwa walianza kurudi na swali ambalo hakuna daktari aliyelitaka: tumwambieje mtoto alivyopatikana? Madaktari wote walimtazama yeye. Akapewa chumba namba tisa, kilichokuwa stoo ya mashuka, pamoja na meza, viti vitatu vya watu wazima na kimoja kidogo cha plastiki, cha bluu.

Hicho cha bluu ndicho kilichomjengea sifa. Kabla mtoto hajaletwa, wazazi hukaa mbele ya kiti kitupu na kukieleza jambo lote kwa sauti, kwa sentensi zisizozidi tatu: yai la mama na mbegu ya baba havikuweza kukutana tumboni, daktari akavikutanisha kwenye kisahani, kisha ukarudishwa kwa mama, ukakulia tumboni kama watoto wote. Inaonekana rahisi. Baba mmoja, mtu mzima na meneja wa ghala, alianza na "Ndugu wageni waalikwa" na akashindwa kuendelea. Mwingine alikiomba kiti msamaha.

Wengi hujaribu kumsukumia yeye. "Muuguzi, mwambie wewe, sisi tunaona aibu." Jibu lake wafanyakazi wote tunalijua kwa moyo: "Aibu gani? Mmevua nguo mbele ya madaktari saba, leo mtu wa miaka mitano ndiye anawatisha?"

Maneno nayo yamemsumbua kwa miaka yote. Tunasema mimba imepandikizwa. Mtoto mmoja aliposikia hivyo akammwagia mama yake kikombe cha maji tumboni akiwa amelala kwenye kochi, ili mdogo wake aote haraka. Tunasema mbegu, mtoto anauliza za mchicha au za boga. Ukisema kisahani, utaulizwa nani alikiosha baadaye. Hayo yote mstaafu ameyajibu kwa utaratibu, moja baada ya jingine. Asichokivumilia ni chupa.

"Mtoto wa chupa" ndilo neno la mtaani, na kwa bahati mbaya liliwahi kuwa letu pia. Kijitabu cha kwanza cha kliniki kililibeba kwenye jalada, kwa maelezo kwamba ndilo watu wanalolielewa. Mstaafu alichukua kalamu nene nyeusi akalifuta kwenye nakala mia sita, kwa siku nne, saa ya chakula cha mchana. Toleo la pili likarudi nalo. Akafuta tena. La tatu alikwenda kusimama kwa mchapaji mwenyewe. Chupa haipo, huwaambia wageni wote, haijawahi kuwapo. Kuna kisahani kipana kama kifuniko cha kopo la maziwa, kinachokaa kwenye mashine ya joto kwa siku tatu hadi tano. Daftari lake linaonyesha familia elfu moja mia moja na arobaini zilizopita chumba namba tisa na kusikia hivyo.

Familia moja ilisikia na haikuzingatia. Mama ni fundi cherehani, baba anafundisha udereva, na binti yao ana miaka sita. Walishauriwa waanze kuongea naye akiwa na miaka minne. Wakasema akikua kidogo. Miezi mitatu iliyopita mama aligombana jikoni na wifi yake, na wifi, mtoto akiwa amesimama mlangoni, akasema: "Nyamaza wewe, hata huyo si ulimtoa kwenye chupa?"

Jioni mtoto akaomba aonyeshwe chupa yake. Mama, kwa kuchanganyikiwa, alinyoosha mkono rafuni akashusha chupa tupu ya dawa ya kikohozi. "Ndiyo hii, mwanangu."

Tangu siku hiyo mtoto anatembea nayo kwenye begi la shule, imeviringishwa kwenye soksi. Haruki kamba. Hakimbii wakati wa mapumziko, na ameomba asikae karibu na wavulana wanaosukumana. Mwalimu wake alipomuuliza, alisema ikivunjika atakufa.

Mstaafu alipopigiwa simu kuelezwa hayo alitamka neno ambalo jarida la wafanyakazi haliwezi kulichapisha. Akatoa miadi wiki hiyohiyo. Ya kwanza hawakuja, baba alikuwa na wanafunzi wa mtihani. Ya pili walifika wawili tu, mtoto wamemwacha kwa jirani, wakaomba muuguzi aje nyumbani amalize mwenyewe. Alikataa, na sababu tunaiandika kama alivyoisema, kwa faida ya watakaobaki: "Mimi nikimwambia chupa ni uongo, atajifunza kwamba mama yake ni mwongo. Mama akimwambia mwenyewe, atajifunza kwamba mama yake alikosea. Hayo ni mambo mawili."

Akawakalisha mbele ya kiti cha bluu. Baba mara ya kwanza alikielekeza kiti kama anayefundisha kupiga kona. Mara ya pili alifika mwisho. Mama alikwama kwenye sentensi ya kwanza, akarudia, akakwama. Jaribio la tano lilipita. Mstaafu alitazama saa na kusema, "Sawa. Sasa mleteni mwenye kiti."

Chumba namba tisa atakabidhiwa muuguzi wa wodi ya mapumziko, ambaye amekaa naye kwa mwezi mzima akijifunza kunyamaza wazazi wanapotapatapa. Anasema hilo ndilo gumu kuliko yote.

Kwa niaba ya maabara, mapokezi, wodi na madaktari waliomtazama yeye siku ile, tunamshukuru kwa uvumilivu aliokuwa nao na hata kwa ule uliomwishia. Tunamtakia afya, na asubuhi ndefu zisizo na mtu wa kumsahihisha.

Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa chini. Ilipangwa saa nne asubuhi. Mstaafu ameomba isogezwe kwa sababu saa hiyo chumba namba tisa kina miadi. Wazazi wote wawili wamethibitisha kwa simu. Mtoto anakuja na begi lake la shule, na mama ndiye atakayeanza kusema.