Malkia wa Ijumaa Waomba Jengo la Zimamoto

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Corinne Ostrander, Meya wa mji wetu wa Port Alden. Wazee wetu, wapishi, na ninyi nyote mliokuja na theluji mabegani:

MAKARIBISHO

Karibu kwenye Baa ya Nanga. Tumekupa kiti kisichoyumba, na hicho ndicho pekee tulicho nacho. Tumefurahi zaidi kukuona ukiingia kwa mlango wa mbele. Mameya waliokutangulia walikuwa wakituma mtu mlango wa nyuma achukue hundi ya hisani, kisha hundi inapigwa picha bila sisi.

HISTORIA YETU

Sisi ni wanaume tunaovaa kike jukwaani. Tunaimba, tunacheza, na kuwatania watu mpaka watoe pesa. Mchana sisi ni mafundi bomba, wauguzi, walimu wa hesabu, na mmoja wetu anaendesha gari la kuondoa theluji. Huenda ndiye aliyekusafishia njia ya kuja hapa.

Mwaka 1986 mwenzetu Dale Fenwick, aliyekuwa akitushonea magauni, aliugua Ukimwi. Alipotoka hospitali, majirani walivuka barabara wasipite mbele ya nyumba yake. Waliomhurumia walimwachia chakula kwenye ngazi, kikaganda huko huko. Ijumaa moja Wendell Kaczmarek, fundi wa boila za kupashia nyumba joto ambaye sote tunamwita Malkia Wanda, akapanda jukwaa hili na ndoo mkononi.

"Leo siimbi mpaka hii ijae," alisema. "Na ninyi mnaoijua sauti yangu, lipeni ili nisiimbe kabisa."

Ndoo ikajaa.

Kesho yake mchana Wanda alivaa tena gauni, akisema mwenye kupokea pesa ajue zimetoka kwa nani. Akaibeba ndoo hadi jiko la kanisa la Mtakatifu Kazimiri, ambako Bi Bernadette Nowicki alikuwa akiwapikia wazee. Sisi wengine tulibaki mlangoni, tukingoja afukuzwe. Bi Bernadette akamtazama kuanzia wigi hadi viatu.

"Wewe si mtoto wa Stella Kaczmarek?"

"Ndiye mimi, mama."

"Stella anajua umevaa hivyo?"

"Gauni lenyewe ni lake."

Bibi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema, "Haya, pesa nimeziona. Mikono je? Bandua hizo kucha umenye viazi. Na ninyi mnaochungulia hapo mlangoni, mnaleta baridi. Ingieni!"

Tukaingia, na hatujatoka mpaka leo. Dale alikula supu ya moto kila siku, Wanda akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, na aliilalamikia chumvi mpaka alipofariki majira ya kuchipua.

MAFANIKIO

Baada ya Dale walikuja wengine wengi, na wengi tuliwazika. Dawa zilipopatikana, wagonjwa wetu wakaanza kuzeeka badala ya kufa, na hayo tunayahesabu kuwa mafanikio makubwa kuliko yote. Tukaongeza wazee wanaoishi peke yao, hata yule bwana wa Mtaa wa Swan aliyezoea kutuzomea. Siku ya kwanza alifungua mlango kidogo tu.

"Supu hiyo mmeitia nini?"

"Kabichi na soseji, mzee."

"Basi?"

"Na pambo moja lililodondoka kutoka kwenye kope zangu. Ukiliona, liweke pembeni."

Siku hizi tukichelewa anapiga simu, anagomba. Leo amekaa meza ya tatu, na amevaa tai.

CHANGAMOTO

Magoti yetu yamechoka na viatu havijapungua urefu. Hilo tumelizoea. Zito ni hili: kanisa la Mtakatifu Kazimiri limeuzwa, na jiko linafungwa mwisho wa Novemba. Jengo la zamani la zimamoto, Mtaa wa Swan, liko tupu, lina jiko kubwa na ukumbi. Tuliliomba. Akaja mmoja wa wasaidizi wako, kwa upole kabisa, akatuambia, "Jengo mtapata. Ila humo ndani msivae hayo mambo yenu. Pikeni kama watu wa kawaida, watu wasije wakasema."

Mheshimiwa, tuligombana. Baadhi ya wenzetu walisema gauni haliliwi, tuchukue funguo tunyamaze. Tulikaribia kukubali. Ndipo Wanda, ambaye sasa anatembea kwa kushikilia fremu ya wazee, akainuka.

"Wanangu," alisema, "waliomwachia Dale chakula kwenye ngazi hawakuwa wabaya. Waliogopa watu watasema. Mnataka na sisi tupike kwa woga huo huo?"

Tukapiga kura. Hakuna mkono hata mmoja ulioinuliwa kukubali kuvua magauni.

MAOMBI

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Tupe jengo la zimamoto, pamoja na ruhusa ya kutumbuiza humo, maana nyimbo ndizo zinazonunua viazi. Tupe tukiwa hivi unavyotuona.

HITIMISHO

Ukikubali, siku ya kwanza tutakufunga aproni sisi wenyewe. Ukikataa, hatutakununia. Ijumaa ya kwanza ya Desemba tutapika nje ya lile jengo, kwenye theluji, kwa jiko la gesi la kubebeka, na tutakuwa tumevaa magauni yetu mazuri kuliko yote. Nawe ukipita, simama. Bakuli lako litakuwa la moto.

Mungu akupe afya na moyo mkunjufu, aujalie mji wetu amani, na amtume mtu abishe hodi kwa kila anayekula peke yake leo.

Ni sisi,
Malkia wa Ijumaa, Port Alden.

Imesomwa kwa niaba yao na katibu, Terrence Lubeck, ambaye jukwaani ni Bi Velma.