Epifania Ntirampeba, Mwalimu wa Hesabu za Shafti (1984–2015)

Ndugu waombolezaji, Epifania alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 kijijini Nyabibuye, wakati huo ikiwa wilaya ya Kibondo, mtoto wa tatu wa Mzee Ntirampeba na Mama Esteri. Mimi Vestina, dada yake, ndiye niliyembeba mgongoni.

Alimaliza shule ya msingi hapa Nyabibuye mwaka 1998 na sekondari Kibondo mwaka 2002. Mwaka 2004 alikwenda Mbeya kusomea ufundi mitambo. Baba alipomuuliza anasoma nini huko, alijibu, "Baba, najifunza chuma kiwe kinene kiasi gani ili kisikatike."

Kuanzia 2008 alifundisha ufundi Kasulu. Mei 2012 alipita Murungu kumsalimia shangazi, akakuta foleni kwenye mashine ya kusaga. Fundi wa mashine hiyo, Bazilio, alikuwa amefunga injini yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani, lakini shafti, kile chuma cha mviringo kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye kinu, ilibaki ile ile ya unene wa milimita thelathini.

"Kaka, usiwashe," Epifania alimwambia. "Hiyo itasokotwa mpaka ikatike."

"Kwa hiyo nitafute ya sitini?"

"Hapana. Thelathini na nane inatosha." Akaomba chaki, akapiga hesabu mlangoni.

"Mawe! Watoto wetu watakula chaki?" mama mmoja alilalamika, akimwita mama yake kwa Kiha.

Bazilio aliisoma hesabu yote, akafungua shafti. Karibu na puli, gurudumu la mkanda, palikuwa na ufa tayari, upande ule waliposimama akina mama.

Shafti mpya ilichongwa Kasulu. Bazilio akaendelea kwenda Kasulu hata ilipokwisha kufungwa. Walifunga ndoa Jumamosi, 8 Desemba 2012. Binti yao, Kezia, alizaliwa Februari 2014.

Baada ya uzazi miguu ya Epifania ilianza kuvimba, na mwaka uliofuata madaktari walitwambia figo zimeshindwa kazi. Aprili 2015 tulimpeleka Dar es Salaam. Huko aliomba aletewe madaftari ya wanafunzi wake. Mkono ulipokosa nguvu, Bazilio alimsomea na kuandika masahihisho. Tarehe 17 Agosti walisoma hesabu ya Safina, mwanafunzi wake.

"Jibu ni sahihi," alisema, "ila kasahau kuandika milimita. Msimnyime alama zote."

Akaomba daftari lingine. Mimi nikamkatalia, nikamwambia, "Pumzika kwanza, utaendelea kesho." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Ningejua, ningemsomea yote. Alifariki asubuhi ya Jumanne, 18 Agosti 2015, akiwa na miaka thelathini na mmoja.

Ameacha wazazi wake, mume wake Bazilio, sisi ndugu zake wanne, wanafunzi wake waliosafiri kutoka Kasulu kuja kumzika, na Kezia, mwenye mwaka mmoja na nusu, ambaye tangu juzi anapita chumba hadi chumba akimwita.

Lala, mdogo wangu. Mungu akupe amani, nasi atupe nguvu ya kumwitikia mtoto.