Mstari Uliofutwa Chini ya Tope

"Nani ameufuta ufa wangu?" Hivyo ndivyo marehemu mama yetu alivyouliza kwenye kikao cha ramani, tarehe 14 Februari 2024, na waliokuwepo, ambao baadhi yao ni ninyi mliokaa hapa, wakaangalia vikombe vyao vya chai, kwa hiyo naomba, kwa niaba ya familia, niisome historia yake yote, swali hilo lisije likafukiwa pamoja naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1965, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi 1972, sekondari 1979, na mwaka 1988 akahitimu shahada ya jiolojia, msichana pekee darasani, akaajiriwa mwaka huohuo katika ofisi ya upimaji wa bahari, ghorofa ya pili, chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka, ambako kazi yake ilikuwa kusoma miangwi, maana meli hupiga mshindo majini, mshindo ukashuka hadi kwenye tope na mwamba, kila tabaka likarudisha mwangwi wake, na mashine ikaichora yote kuwa mistari kwenye karatasi ndefu kama zulia la korido.

Mwaka wa kwanza alipaka rangi tabaka zuri la mwamba, kumbe ni mwangwi wa sakafu ya bahari uliorudi mara ya pili, wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu, wakambandika jina la Mama Mwangwi kabla hajawa mama wa mtu, na tangu hapo hakuamini mstari wowote mpaka aitandaze karatasi sakafuni, alale kifudifudi, shavu chini, aitazame kwa ubavu, kwani ufa wa mwamba ukitazamwa hivyo hujitokeza wenyewe, kama kovu taa ikiwa pembeni.

Alifunga ndoa tarehe 8 Disemba 1990 na fundi umeme wa meli ya utafiti, baba yetu, ambaye hadi leo analalamika kwamba aliambiwa anaoa msomi, akajikuta na mtu anayelala chini na kitanda kipo, wakajaliwa kaka yangu 1992, dada 1996, na mimi kitinda mimba 2003, niliyelazwa juu ya karatasi hizo sebuleni, nikisimuliwa jinsi tope linavyotua kule kusiko na mwanga, punje moja moja, kama vumbi katika nyumba iliyofungwa, nikasinzia nikiota nashuka tabaka kwa tabaka bila kulowa.

Mwaka 2023, ilipopimwa njia ya bomba la gesi, aliona ufa uliopanda hadi karibu na tope la juu kabisa, na upande ulioshuka tope lilikuwa nene zaidi, yaani ardhi ilikuwa ikishuka huku tope likijaa, ufa haujalala, na ukisogea hukata bomba, akauchora kwa wino mwekundu, lakini ramani ya mwisho ikatoka safi kama sahani ya mgeni, na kwenye kikao kile mkuu wake akamwambia mbele za watu, "Mama Mwangwi, huo si ufa, ni meli ilikata kona ikapindisha mistari," naye akamjibu, "Kona gani hiyo, mwanangu, inayokata tope na kuacha sakafu ya bahari imenyooka?" Wakalicheka jina, hoja wakaiacha, nami kwenye midahalo ya chuo nimejifunza kwamba anayecheka jina hana jibu.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024, akalazwa tarehe 2 Septemba, na siku zake za mwisho alikuwa akifuata kwa kidole mikunjo ya shuka, polepole, akitabasamu, akamsihi muuguzi asiinyooshe, na muuguzi akaiacha, hadi alipotutoka tarehe 19 Oktoba, saa nane mchana, mvua ikinyesha.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule, majirani mliotuletea viti na maji, na ninyi wafanyakazi wenzake mliolibeba jeneza.

Tua taratibu, Mama, upumzike kwa amani.

Na wewe mkuu wake, shikamoo, bomba bado halijalazwa: tafadhali, Jumatatu ukifika ofisini, urudishe mstari ule kwenye ramani.