Fundi Redio Aliyesubiri Jibu la Nyenje

Ndugu yetu mpendwa, fundi redio, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Nyenje, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1950, kitinda mimba wa mama mshonaji na baba mpaka rangi. Mimi dada yake nilimbeba mgongoni, kwa hiyo haya siyo ya kuambiwa.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1958 hadi 1964. Siku moja mwalimu alimfukuza darasani kwa sababu ya mdudu aliyelia mfukoni mwake wakati wa hesabu. Mama alipomuuliza, alijibu, "Mama, mimi nilinyamaza. Aliyepiga kelele ni yeye."

Mwaka 1974 alifungua kibanda chake mbele ya posta, akakaa humo miaka arobaini na mitatu. Jua likiwa kali, nyenje wakianza kulia mitini, alizima redio zote awasikilize, wateja wakiguna. Kila aina aliijua kwa mlio wake. Aliandika siku, saa na mti, akapeleka ripoti makumbusho.

Tarehe 20 Juni 1976 alimwoa wifi yangu, mkunga. Wifi alisema, "Mwanamume anayeweza kumsikiliza mdudu saa nzima, mke hatamshinda." Baadaye alikiri alikosea kidogo.

Hakuna asiye na kasoro. Mwaka 2009 aliripoti nyenje mdogo wa kijani, aliyetoweka tangu miti ya bwawani ikatwe. Hakumwona, alimsikia tu nyuma ya zahanati. Siku hiyo pupa ilimponza. Mtaalamu wa makumbusho alisafiri, akasikiliza, kisha akanyoosha kidole kuelekea juu ya nguzo ya umeme: iliyokuwa ikilia ni transfoma! Fundi redio mzima! Mtaa ulicheka mwezi mzima. Tangu hapo hakuripoti kwa masikio peke yake. Alitafuta kwanza gamba ambalo nyenje huliacha kwenye gome la mti, akalilaza kwenye kiberiti chenye pamba.

Novemba 2024, figo zikiwa zimeanza kumchosha, aliokota gamba na nyenje mfu wa kijani bwawani, pale miti ilipopandwa upya. Kiberiti kikaenda makumbusho, yeye akalazwa. Kifo hakukiogopa. Alichoogopa ni kufa akiwa bado yule wa transfoma. Kila asubuhi aliuliza, "Wamejibu?" Muuguzi akamtania, "Babu, jibu unaliulizia kuliko dawa!"

Jumatatu tarehe 3 Februari 2025 simu ikalia. Alikuwa mtaalamu yuleyule. "Shikamoo mzee. Safari hii siyo transfoma. Ni mwenyewe, na tumeshaandika kwamba aliyempata ni wewe."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha akaniambia, "Dada, sasa hata redio mnaweza kuzima. Nililosubiri kulisikia nimelisikia."

Alifariki Alhamisi tarehe 6, saa kumi alasiri, dirisha likiwa wazi, akiwa amebakiza wiki tano atimize miaka sabini na mitano. Tunalia, ndiyo, lakini tumetua mzigo. Maumivu yamemwachia, na jibu alilisikia kwa masikio yake yale yale.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na viberiti mia mbili na kumi na vinne, kila kimoja na tarehe yake. Wajukuu, msije mkavitumia kuwashia jiko.

Apumzike kwa amani. Hana tena jibu analosubiri.